Gego la Rusanka na Arobaini ya Metodi

Kila asubuhi Rusanka aliwasha jiko la kuni, akachemsha kahawa, kisha akawapa kuku mahindi. Baada ya hapo alisimama langoni akaitazama karatasi ya tangazo la kifo iliyobandikwa pale. Karatasi ilikuwa na picha ya mumewe, Metodi, pamoja na mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa. Nyingine kama hiyo ilibandikwa kanisani, dukani na kwenye kituo cha basi. Kijiji kizima cha Slivarka kilikuwa kimeisoma. Rusanka, mke wa marehemu, aliisoma wa mwisho.

Hakuwepo mumewe alipozikwa. Kwa miaka tisa alikuwa Italia, akimtunza bibi mmoja mgonjwa kwa mshahara. Wanawake wengi wa Slivarka hufanya kazi hiyo. Metodi alibaki na shamba la mizabibu. Mwezi wa pili, akiwa anapogoa mizabibu, alianguka na hakuinuka tena. Alizikwa siku ya pili yake. Rusanka alifika siku tatu baada ya maziko, begi mkononi, akakuta kaburi limeshafunikwa na maua yameganda kwa baridi.

Tangu siku hiyo wifi yake, Tsonka, hakumsamehe. Tsonka ni dada wa Metodi, na nyumba yake iko ng'ambo ya barabara. Alikuja kila siku kusaidia kazi, kwa sababu ndiyo desturi. Lakini maneno yake yalichoma.

"Watu wengine huja kumzika mume," alisema mara moja mbele ya majirani. "Wengine huja kusoma tangazo."

Rusanka alianza kueleza, Tsonka akamkata.

Huko Slivarka, mjane humwita mumewe kaburini kwa sauti, mbele ya watu, akamuaga. Hufanya hivyo siku ya maziko. Akiikosa siku hiyo, amebakiwa na siku ya arobaini tu. Wanasema roho ya marehemu huondoka kabisa siku ya arobaini, na baada ya hapo haiitwi tena. Rusanka alikuwa amekwenda makaburini peke yake mara nyingi, lakini huko aliwasha mshumaa tu akarudi nyumbani. Alijiapiza kwamba siku ya arobaini atasema. Atasema yote, na watu wasikie.

Arobaini ilikuwa Jumamosi.

Shida ilikuwa gego. Gego la chini, upande wa kulia, lilianza kumuuma akiwa Italia. Kwa miaka miwili alilituliza kwa vidonge, kwa kuwa hakuwa na siku ya kupumzika. Sasa lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi. Kila alipofungua mdomo, hewa baridi iliingia na machozi yakamtoka. Mtu hawezi kumuaga mumewe akiwa ameshika shavu. Kwa hiyo, Jumatatu ya wiki ile, alipanda basi kwenda mjini kuling'oa.

Daktari wa meno alikuwa mama mwembamba anayeitwa Galabova. Alimchoma sindano ya ganzi, akaling'oa gego, akamwekea kipande cha shashi juu ya kidonda.

"Kiume kipande hiki kwa meno nusu saa, bila kuzungumza," alisema. Kisha akaeleza mengi: usisukutue leo, usinywe pombe, usivute sigara. Yote yameandikwa kwenye karatasi hii. Ukipata shida, rudi.

Rusanka aliitikia. Lakini mdomo ulikuwa umekufa ganzi na akili yake ilikuwa kwenye ngano, mishumaa na divai ya arobaini. Aliikunja karatasi akaitia kwenye mfuko wa koti. Haikutoka humo kwa siku tatu.

Alipofika nyumbani alikuwa ameshaitema ile shashi kituoni, maana alitaka kumsalimia mtu. Tsonka alimkuta jikoni anatema damu kwenye bakuli.

"Ehe! Limetoka?"

"Limetoka. Damu inachuruzika kidogo."

"Sasa si usafishe!" Tsonka alikwenda kabatini akaleta chupa. Ilikuwa rakia, pombe kali ya zabibu, aliyoikeneka Metodi kwa mikono yake vuli iliyopita. Hakuna nyumba ya Slivarka isiyo na chupa hiyo. Hupakwa kifuani kwa mtu mwenye homa, humwagwa kwenye kidonda cha mguu, hunywewa kwenye harusi na msibani. "Baba yetu alisukutua hii kila alipong'olewa jino. Alikufa na miaka themanini na sita."

"Alikufa na meno mangapi?" Rusanka aliuliza.

"Mawili. Usinichekeshe, sukutua. Ni ya mkono wa ndugu yangu. Au na hii huitaki?"

Tsonka hakuwa na nia mbaya. Alifanya alichokiona tangu utotoni. Naye Rusanka hakutaka kuikataa rakia ya mumewe mbele ya wifi yake. Alijaza mdomo, akasukutua kwa nguvu, akatema. Iliwaka kama moto. Akarudia mara ya pili na ya tatu. Kwenye bakuli akaona kipande cheusi cha damu iliyoganda.

"Umeona?" Tsonka alisema kwa furaha. "Uchafu huo umetoka!"

Kesho yake kidonda kiliuma kidogo. Tsonka alisaga kidonge cha aspirini akambandikia kwenye fizi. Jumatano kiliuma zaidi. Rusanka akasukutua rakia tena. Kufikia Alhamisi asubuhi alikuwa hajalala usiku mzima. Maumivu yalipiga kwenye taya, yakapanda sikioni hadi kichwani. Mdomo ulitoa harufu aliyoisikia mwenyewe, akaona aibu. Hakuweza kuufungua zaidi ya upana wa kidole.

Alikaa kitandani akajaribu kutamka jina la mumewe. "Metodi." Ilitoka sauti ya mtu aliyezibwa mdomo. Hofu ilimshika. Zimebaki siku mbili, alijiambia. Nitasimama pale bubu, na watu watasema sikuwa na la kusema.

Siku hiyo hiyo wanawake walikuja kuchambua ngano ya arobaini. Ngano hiyo huchemshwa, ikachanganywa na sukari na kokwa za jozi zilizosagwa, na kila mtu hula kijiko kimoja kwa ajili ya marehemu. Walikaa mezani wakitenga punje nzuri na vijiwe. Mmoja wao alikuwa Velichka, jirani mwenye miaka sitini na minane. Velichka alifanya kazi ya unesi kwenye chumba cha daktari wa meno kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Kijijini hawakumpenda sana, kwa sababu alikuwa na tabia ya kutazama meno ya watu wakicheka.

"Rusanka, mbona huzungumzi?" aliuliza.

"Jino," Rusanka alijibu kwa tabu.

"Anasukutua rakia, itapona," Tsonka alisema, na tayari alikuwa anammiminia glasi nyingine.

Velichka aliinuka. Aliichukua ile glasi mkononi mwa Tsonka akaimwaga kwenye ndoo ya maji machafu. Wanawake waliacha ngano wakamtazama. Kumwaga rakia ya marehemu, nyumbani kwake, kabla ya arobaini yake!

"Wewe una wazimu?" Tsonka alifoka.

"Nitakuwa na wazimu nikinyamaza. Rusanka, njoo hapa dirishani. Fungua mdomo. Basi, hapo hapo ulipofikia." Velichka alitazama kwa tochi ya simu. "Una homa? Unameza vizuri? Unapumua bila shida?"

Rusanka aliashiria kwamba homa hana, anameza na anapumua.

"Shingo haijavimba. Vizuri. Ungekuwa na mojawapo ya hayo tungekimbia hospitali sasa hivi, hata kama ingekuwa usiku. Usaha ukishuka shingoni unaua mtu. Lakini hapa nakuona tundu tupu. Naona mfupa."

"Mfupa?" Tsonka alisogea.

"Mfupa. Sikiliza, Tsonka, na wewe una meno, au yaliyobaki. Jino likitoka linaacha shimo. Damu inajaa mle shimoni, inaganda. Lile donge la damu ndilo bandeji. Linafunika mfupa na mishipa mpaka nyama mpya iote. Hakuna bandeji nyingine inayolishinda. Sasa wewe umempa pombe, akasukutua kwa nguvu, akatema. Donge likatoka."

Tsonka alikumbuka kile kipande cheusi kwenye bakuli. Uso wake ulibadilika.

"Ndiyo maana anaumwa hivi," Velichka aliendelea. "Hewa, mate na chakula vinagusa mfupa mtupu. Na hiki cheupe kwenye fizi ni nini? Mmeweka aspirini?"

"Ni dawa," Tsonka alisema polepole.

"Ni dawa ya kumeza. Ukiiweka kwenye fizi inaunguza nyama. Na kwa mtu aliyeng'olewa jino hata kuimeza si vizuri, inafanya damu isigande. Daktari alikupa dawa gani ya maumivu?"

Rusanka alikwenda kwenye koti akatoa ile karatasi, bado imekunjwa. Dawa ilikuwa imeandikwa pale, na mambo mengine yote. Aliisoma amesimama. Machozi yakaanza kumtoka, na safari hii si kwa maumivu. Alijiona mjinga. Kila kitu kilikuwa mfukoni mwake tangu Jumatatu.

"Usilie," Velichka alisema. "Kila wiki nilikuwa naona watu watatu wenye shida hiyo, na mmoja wao alikuwa mwalimu mkuu. Chukua kitambaa chako. Basi la saa sita tunalipata."

Daktari Galabova hakugomba. Alinusa tu, akasema, "Rakia." Aliliosha tundu taratibu, akaliziba kwa utepe mdogo wenye dawa. Baada ya muda mfupi maumivu yalianza kulegea, na Rusanka akaona bega lake linashuka. Hakuwa amejua kwamba alilikaza kwa siku mbili.

"Daktari," alisema, "Jumamosi ni arobaini ya mume wangu. Nitaweza kusema?"

"Kusema utaweza. Kesho njoo nibadilishe dawa hii. Jumatatu uje tena. Kula vitu laini, visiwe vya moto. Tafuna upande wa kushoto. Kila ukimaliza kula, chukua glasi ya maji ya uvuguvugu na nusu kijiko cha chumvi. Yaweke mdomoni, inamisha kichwa huku na huku, kisha uyaache yadondoke. Usisukutue kwa nguvu, usiyateme kwa nguvu. Meno mengine piga mswaki kama kawaida. Kidonda usikiguse, wala kwa kidole wala kwa ulimi."

"Na ngano ya marehemu?" Velichka aliuliza.

Daktari naye alikulia kwenye desturi hizo. Alielewa. "Punje ya ngano inaingia mle shimoni na haitoki. Ngano hapana. Rakia hapana, hata tone. Marehemu atakuelewa."

"Wifi yangu hatanielewa," Rusanka alisema.

Ijumaa alikwenda kubadilishiwa dawa, kisha akanywa supu ya kuku iliyopoa, akala mtindi na viazi vya kuponda. Alitumia maji ya chumvi kila alipomaliza kula. Alimeza dawa kwa saa zilizoandikwa. Jioni alitamka jina la mumewe tena, na likatoka zima.

Jumamosi watu zaidi ya arobaini walipanda kilima hadi makaburini. Theluji ilikuwa imeyeyuka na njia ilijaa matope. Padri alisoma sala akafukiza ubani. Kisha Tsonka akazunguka na bakuli kubwa la ngano na kijiko. Kila mtu alikula kijiko kimoja akasema, "Mungu amsamehe." Nyuma yake mtu mwingine alibeba chupa ya rakia na glasi ndogo.

Tsonka alifika mbele ya Rusanka akanyoosha kijiko.

Alijua kabisa alichosema daktari. Velichka alimweleza Alhamisi, na Ijumaa akamweleza tena. Lakini pale mbele ya kaburi la ndugu yake uchungu ulimzidi.

"Kula," alisema. "Ni kijiko kimoja tu."

"Siwezi, wifi."

"Kumzika hukuja. Na ngano yake huili?"

Alisema kwa sauti ya kusikika. Watu waliinamisha macho. Velichka alipiga hatua mbele, lakini Rusanka alimzuia kwa mkono. Ilikuwa rahisi kufungua mdomo na kumeza kijiko kile, mambo yaishe. Alikitazama. Akafikiri: nikila hii ili watu wanione, leo jioni nitakuwa kitandani naugulia, na nimekuja hapa kusema.

Alikipokea kijiko. Akapiga magoti kwenye matope, akaimwaga ngano juu ya kaburi, taratibu, kama mtu anayepanda mbegu. Kisha akachukua glasi ya rakia, akaimwaga pale pale penye kichwa cha marehemu.

"Hii yako," alisema. "Umeikeneka wewe, unywe wewe. Mimi nimekatazwa."

Mwanamke mmoja nyuma alicheka huku analia.

Rusanka akafungua mdomo akamwita mumewe.

"Metodi! Metodi we! Nimekuja. Nimechelewa siku tatu. Nimechelewa miaka tisa. Ulisema tupate paa, ndipo nirudi. Paa tumepata, halivuji, na wewe hupo chini yake. Ulisema tubadilishe madirisha, ndipo nirudi. Tumebadilisha. Nakaa dirishani nakutazamia utoke shambani. Kila Jumapili ulinipigia simu ukaniuliza nimekula nini. Mimi sikukuuliza kama kifua kinakuuma. Sikukuuliza, Metodi! Nisamehe. Mizabibu uliyoiacha nimeimalizia mimi. Nimeikata vibaya, utanicheka. Nenda salama, mume wangu. Nenda, usigeuke nyuma kwa ajili yangu."

Sauti yake ilifika hadi kwenye ukuta wa makaburi. Hakushika shavu hata mara moja. Alipomaliza hakuweza kuinuka, na waliomwinua ni Velichka upande mmoja na Tsonka upande wa pili. Tsonka alimshika kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu Rusanka alirudi kwa daktari. Maumivu yalikuwa yamekwisha. Alibadilishiwa dawa mara moja tena, basi. Aliendelea na maji ya chumvi, na baada ya wiki tatu fizi ilikuwa imefunga. Hakuishia hapo. Alizibiwa meno mawili mengine yaliyoanza kutoboka, akanunua mswaki laini, na akajiwekea desturi ya kupiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala. Pale jikoni, wanawake waliokuja kunywa kahawa walimuuliza habari za lile tundu, naye aliwaeleza kama Velichka alivyomweleza yeye.

Mwezi wa nne Tsonka alivuka barabara asubuhi na mapema, amevaa nguo za kanisani.

"Unakwenda wapi, wifi?"

"Tunakwenda mjini," Tsonka alisema. "Nina gego linaniuma tangu mwaka juzi. Usiniulize kwa nini sikusema. Naogopa, unasikia? Naogopa kama mtoto."

Walikwenda. Rusanka alimshika mkono hadi gego likatoka. Daktari akamwekea shashi na kumwambia aiume nusu saa, asizungumze. Tsonka, ambaye hakuna mtu Slivarka aliyewahi kumwona amenyamaza nusu saa, aliiuma.

Kwenye basi walikaa kiti kimoja. Rusanka alitazama saa yake. Akatazama mashamba. Kisha akasema, bila kumgeukia.

"Siku ile uliponipigia simu, yule bibi alikuwa hawezi hata kujigeuza kitandani. Mtoto wake alikuwa safarini. Nikampigia, nikamwambia mume wangu amekufa, njoo. Akasema atafika keshokutwa. Ningemwacha vipi, Tsonka? Nani angempa maji? Nilikaa naye. Nikamlisha supu kwa kijiko saa ile ile mliyokuwa mnamshusha Metodi kaburini. Nilijua saa, nilikuwa naitazama. Nilitaka kukueleza, ukanikatia simu. Nikaja, ukanikata maneno langoni. Kila nikianza, unanikata."

Tsonka aligeuka. Mdomo ulikuwa umefumba juu ya shashi. Machozi yalimtoka, yakashuka hadi kidevuni, na hakuyafuta.

"Bibi mwenyewe alifariki baada ya wiki," Rusanka alisema. "Sikumzika na yeye pia."

Basi lilipita daraja. Rusanka alitazama saa tena.

"Nusu saa imekwisha, wifi. Unaweza kuitoa sasa."

Tsonka hakuitoa. Alimgusa Rusanka mkono, akamwashiria aendelee.